Picha inawezaje kudukua simu? Safari ya kiraka cha usalama hadi Mwanza

Kila baada ya muda ujumbe mmoja huzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp hapa Mwanza, kuanzia ya wazazi wa shule hadi ya wafanyabiashara wa dagaa. Maneno hubadilika kidogo lakini kiini ni kilekile: usifungue picha ya maua ya salamu za asubuhi, ukiifungua tu wezi wanaingia kwenye simu na kuhamisha hela yote. Anayeutuma ametumiwa na mwenzake, naye kwa nia njema anawaonya ndugu na jamaa. Dakika chache baadaye kijana anayejua kompyuta anajibu kwamba huo ni uzushi, picha ni picha tu, haiwezi kufanya lolote.

Wote wawili wamekosea, na ndiyo maana nimeona niandike. Ujumbe wa maua kwa kweli ni uzushi. Lakini kusema picha haiwezi kufanya lolote pia si kweli. Mnamo Septemba 2023 watafiti wa Citizen Lab, kituo kilichopo Chuo Kikuu cha Toronto nchini Kanada, walitangaza kwamba wamekuta simu ya iPhone ya mfanyakazi wa asasi ya kiraia imeshambuliwa kwa picha zilizofichwa ndani ya kiambatisho cha ujumbe. Mwenye simu hakubonyeza kitu. Ujumbe ulifika, simu ikausoma yenyewe, na programu ya kijasusi ya Pegasus ikapata njia ya kuingia.

Ili kuelewa jambo hilo linawezekanaje, na kwa nini dawa yake ni lile sasisho unaloliahirisha kila siku ili bando lisiishe, lazima tuanze na namna programu zinavyotengenezwa.

Mtengenezaji wa programu haandiki kila kitu mwenyewe. Akitaka programu yake ionyeshe picha, hakai chini kuvumbua upya namna ya kusoma picha. Kazi hiyo ilishafanywa na watu wengine miaka mingi iliyopita, wakaiweka hadharani ili yeyote aichukue na kuiingiza kwenye programu yake. Mkusanyiko kama huo wa msimbo, yaani maelekezo yanayoandikwa kwa ajili ya kompyuta, ulio tayari kutumika ndio huitwa maktaba ya programu. Maktaba haina alama yoyote kwenye kioo cha simu. Huwezi kuibonyeza wala kuifuta. Imo ndani ya kivinjari chako (programu ya kufungulia tovuti, kama Chrome), ndani ya programu ya kutumiana ujumbe na ndani ya mfumo endeshi wenyewe (kama Android), inafanya kazi kimya.

Baadhi ya maktaba hizo zina kazi moja tu: kusoma mafaili. Faili likiingia kwenye simu yako, iwe picha, wimbo au barua ya Word, halina sura wala sauti. Ni mlolongo wa namba ndogondogo ziitwazo baiti. Kabla haujaona chochote, kuna sehemu ya programu inayopita kwenye namba hizo moja baada ya nyingine na kutambua kwamba hizi zinataja upana, hizi urefu, na kuanzia hapa ni rangi. Kazi hiyo huitwa kuchanganua, na sehemu inayoifanya ni kichanganuzi.

Tuchukue kitu ambacho karibu kila mtu anakituma kila siku: stika za WhatsApp. Stika hizo ni mafaili ya aina ya WebP, aina ya picha iliyotangazwa na Google mwaka 2010. Ukilifungua faili la WebP kwa programu inayoonyesha baiti moja moja, mwanzoni kabisa utakuta herufi nne, RIFF. Baiti nne zinazofuata ni namba inayosema vilivyobaki vina ukubwa gani. Kisha zinakuja herufi nne nyingine, WEBP, halafu picha yenyewe ikiwa imebanwa ili isile bando.

Zitazame tena hizo baiti nne za katikati. Ukubwa wa faili umetajwa na faili lenyewe. Aliyelitengeneza ndiye aliyeandika namba hiyo, na ndani zaidi kuna namba nyingine nyingi za aina hiyo, zote zikiwa zimeandikwa naye. Kama ni mtu mwema, namba ni za kweli. Kama ni mwizi, ataandika anachotaka, na kichanganuzi hakina njia ya kumjua. Kinachoweza kufanya ni kupima.

Mtu aliyewahi kupokea mzigo pale Mwaloni, Kirumba, anaijua hatari hii vizuri. Boti inafika na dagaa kutoka visiwani, karatasi ya mzigo inasema magunia 40. Karani akiiamini karatasi, anatenga stoo nafasi ya magunia 40, anawaambia wabebaji waanze kushusha, kisha anahamia boti nyingine. Kumbe magunia ni 60. Wabebaji hawahesabu, wao kazi yao ni kubeba. Nafasi ikijaa wanaendelea kupanga, na magunia 20 ya ziada yanaishia kwenye eneo la jirani, juu ya mzigo wake na juu ya daftari lake. Kichanganuzi ni karani huyo. Kumbukumbu ya simu ndiyo stoo, na imepangwa vivyo hivyo: ndani ya programu moja, nafasi ya data hii inapakana na nafasi ya data nyingine, bila ukuta wa maana katikati.

Kwenye stoo ya Mwaloni, jirani ataona na kupiga kelele. Ndani ya kumbukumbu ya simu hakuna wa kupiga kelele, na kilichomwagikia upande wa pili kinaweza kuwa ni maelekezo yaliyoandikwa kwa ustadi. Hapo ndipo ubaya ulipo. Mshambuliaji mwenye ujuzi hupanga faili lake ili zile baiti za ziada ziangukie mahali ambapo simu huenda kuchukua amri inayofuata. Simu inasoma amri hizo na kuzitekeleza ikidhani ni zake. Hiyo ndiyo maana ya tundu la usalama kwenye maktaba ya kusoma mafaili: ni kosa la hesabu lililoacha mlango ambao mtu mwingine anaweza kuutumia. Maktaba nyingi za kazi hii ziliandikwa kwa lugha ya kuandikia programu iitwayo C, iliyozaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ni lugha yenye kasi kubwa, lakini haimlazimishi mwandishi kupima kabla ya kuandika. Akisahau kupima mara moja tu katika maelfu ya mistari, tundu limepatikana.

Sasa turudi Septemba 2023. Tarehe 6 ya mwezi huo, kitengo cha usalama cha Apple pamoja na Citizen Lab waliiripotia Google tundu kwenye libwebp, maktaba inayosoma picha za WebP. Tundu lenyewe lilikuwa hivi. Ili picha ya WebP ifunguliwe, kichanganuzi hujenga majedwali ya kutafsiri data iliyobanwa. Walioandika maktaba walikuwa wameshapiga hesabu mapema ya jedwali kubwa kuliko yote linaloweza kutokea, wakatenga nafasi ya kulitosha. Hesabu yao ilikuwa sahihi kabisa kwa picha halali. Lakini picha iliyoharibiwa makusudi iliweza kuleta jedwali kubwa kuliko hapo, na kichanganuzi kilikuwa kinaanza kujaza kwanza na kugundua baadaye kwamba data si halali. Kilipogundua, baiti zilishamwagika.

Kiraka, yaani marekebisho ya msimbo yanayoziba tundu, kilikuja haraka. Baada ya marekebisho, kichanganuzi hupita kwenye data mara ya kwanza bila kuandika chochote. Kinahakiki kwamba data ni halali na kupima jedwali litahitaji nafasi kiasi gani. Nafasi iliyopo isipotosha, kinatenga nyingine, na baada ya hapo ndipo kinaandika. Karani sasa anapanda kwenye boti na kuhesabu mwenyewe kabla ya gunia la kwanza kushuka. Tarehe 11 Septemba Chrome ilipata sasisho, kesho yake Firefox ikafuata, na maktaba yenyewe ikatolewa upya kama toleo 1.3.2.

Nasisitiza jambo moja hapa kwa sababu watu wengi huona habari kama hii na kusema waandishi wa programu ni wazembe. libwebp haikuwa imetelekezwa. Ni kazi ya Google, na ilikuwa miongoni mwa maktaba zinazopimwa na OSS-Fuzz, mradi ulioanza mwaka 2016 ambao kazi yake ni kuzirushia programu mafaili mabovu usiku na mchana kuona zipi zitaanguka. Miaka yote hiyo upimaji huo haukulinasa tundu hili, kwa sababu faili la kulifikia lilihitaji mpangilio wa namba mahususi ambao bahati nasibu haiupati kwa urahisi. Yaelekea walioupata walikuwa watu waliokaa na msimbo ule kwa makini, wakiutafuta.

Kuandika kiraka, basi, kulichukua siku chache. Kukifikisha kwa watumiaji ni habari nyingine, na hapa ndipo mkanganyiko mkubwa ulipo.

Kwanza kulikuwa na tatizo la tangazo. Kila tundu la usalama linalojulikana hupewa namba katika orodha ya kimataifa iitwayo CVE, ili watu wote duniani wajue wanazungumzia jambo lilelile. Hili lilipewa CVE-2023-4863, na maelezo yake ya mwanzo yalitaja Chrome. Wasimamizi wa mifumo wakasoma Chrome, wakasasisha Chrome, wakaona kazi imekwisha. Mwishoni mwa mwezi huohuo ikatolewa namba ya pili, CVE-2023-5129, iliyotaja libwebp kwa jina, kisha ikafutwa kwa kuwa tundu ni lilelile. Katikati ya vurugu hiyo watu wengi walichelewa kutambua kwamba Chrome ilikuwa mtumiaji mmoja tu wa maktaba hiyo.

Na watumiaji wake ni wengi kweli. Hakuna libwebp moja iliyokaa mahali fulani ambayo ikizibwa basi dunia nzima imezibwa. Kuna nakala. Firefox ina yake. Edge, Brave na Opera, ambavyo vimejengwa juu ya msingi wa Chrome, vina zao. Programu nyingi za kompyuta za kutumiana ujumbe hubeba ndani yake kivinjari kizima, na kivinjari hicho kinabeba nakala yake ya maktaba. Mfumo wa Android una yake. Kila nakala ilihitaji mtu wa kuitoa ya zamani na kuweka mpya, kisha kuwatumia watumiaji wake. Mwenye kompyuta moja ya stationery pale Buzuruga angeweza kuwa na nakala kadhaa za tundu lilelile, na kusasisha programu moja hakuzigusi nyingine.

Kwa simu za Android njia ina matuta zaidi. Google iliingiza marekebisho ya tundu hili kwenye taarifa yake ya usalama ya Oktoba 2023. Taarifa hiyo huenda kwa kampuni zinazotengeneza simu. Kila kampuni inachukua marekebisho, inayaunganisha na mfumo wake, inayajaribu kwa kila aina ya simu iliyouza, na mwisho inayatuma. Simu za bei ghali kwa kawaida huhudumiwa kwa miaka mingi, za bei nafuu kwa muda mfupi zaidi. Hivyo watu wawili waliokaa kiti kimoja cha daladala ya Igoma wanaweza kuwa na hali tofauti kabisa: mmoja ameshapata kiraka, mwenzake hatakipata kamwe kwa upande wa mfumo endeshi, kwa kuwa kampuni imeshaacha kuihudumia simu yake.

Hata huyo wa pili ana kitu cha kufanya, na hili halisemwi vya kutosha. Masasisho ni ya aina mbili. Kuna ya mfumo endeshi, yanayotoka kwa aliyetengeneza simu, na kuna ya programu moja moja, yanayopitia duka la programu. Kwa kuwa Chrome na Firefox hubeba nakala zao za maktaba, kuzisasisha kunaziba tundu ndani yake hata kama simu ni ya zamani. Isitoshe, kuanzia Android 10 baadhi ya sehemu za mfumo zinazosoma sauti na video husasishwa moja kwa moja kutoka Google bila kumsubiri mtengenezaji wa simu. Matundu hayajazibwa yote, lakini sehemu ambazo mshambuliaji anaweza kuzigusa zimepungua.

Kujua simu yako ipo wapi hakuhitaji fundi. Nenda kwenye mipangilio, fungua sehemu ya kuhusu simu, na ndani ya maelezo ya toleo la Android utaona tarehe ya sasisho la usalama. Tarehe hiyo inakueleza kwamba matundu yaliyotangazwa baada yake hayajazibwa kwenye mfumo wako. Mtu anayenunua simu iliyotumika angeiangalia tarehe hiyo kabla hajauliza kamera ina megapikseli ngapi.

Kuna jambo ambalo naliona ni zito kuliko yote katika mada hii. Kiraka kinapotangazwa, hatari kwa asiyekiweka huongezeka. Kabla ya tangazo, tundu linajulikana na wachache, na hao huwa wanalitumia kwa uangalifu dhidi ya watu waliowachagua. Maktaba nyingi za aina hii ni huria, msimbo wake uko wazi. Siku marekebisho yanapowekwa hadharani, mtu yeyote anaweza kulinganisha toleo la jana na la leo na kuona ni mistari ipi imebadilika. Mistari hiyo inamwonyesha kidole mahali tundu lilipokuwa. Kuanzia hapo, mdukuzi wa kawaida naye anaweza kuanza kujaribu.

Mfano mmoja ulioumiza watu wengi ni wa Marekani. Tarehe 7 Machi 2017 ilitolewa kiraka cha Apache Struts, mkusanyiko wa msimbo unaotumika kujengea tovuti. Tundu lilikuwa kwenye sehemu inayochanganua mafaili ambayo watu wanapakia kwenye tovuti. Kampuni ya Equifax, inayotunza kumbukumbu za mikopo ya watu, haikukiweka kwenye mfumo wake mmoja. Katikati ya Mei wadukuzi waliingia kupitia tundu hilohilo, na taarifa za watu takriban milioni 147 zikachukuliwa. Kiraka kilikuwa kimeshakaa zaidi ya miezi miwili kikisubiri kuwekwa. Unapoahirisha sasisho, uko katika kipindi kama hicho.

Si kila tundu linaiba. Mengine yanakaba. Mafaili ya Word na Excel ya siku hizi ndani yake yameandikwa kwa mtindo uitwao XML, na mifumo mingi ya malipo, ya ofisi na ya serikali hupashana taarifa kwa mtindo huohuo. Mojawapo ya maktaba zinazosoma XML ni Expat, iliyoanzishwa na James Clark mwishoni mwa miaka ya 1990, na leo imo ndani ya Firefox na lugha ya Python. XML inaruhusu neno lipewe jina la kifupi. Mshambuliaji akaona mwanya hapo: jina la kwanza lina maana ya neno lenye herufi tatu mara kumi, jina la pili lina maana ya la kwanza mara kumi, la tatu ni la pili mara kumi, na kuendelea hadi la tisa. Faili zima halifiki kilobaiti moja. Kichanganuzi kikijaribu kulikunjua kinapata neno hilo mara bilioni moja, yaani karibu gigabaiti tatu za kumbukumbu, na seva, yaani kompyuta inayoendesha mfumo huo, inasimama.

Hila hiyo ilijulikana kwa miaka mingi, na kwa upande wa Expat ilipewa namba ya CVE ya mwaka 2013. Kinga yake iliingia kwenye toleo 2.4.0 mwaka 2021. Ucheleweshaji huo una sababu: majina ya vifupi ni sehemu halali ya XML, na kuyakataza kabisa kungevunja mifumo ya watu wasio na hatia. Suluhisho walilochagua nalipenda kwa sababu ni la kiungwana. Expat sasa inalinganisha kiasi kilichoingia na kiasi kilichozaliwa. Matokeo yakishavuka megabaiti nane, na yakawa yamezidi mara 100 ya kilichoingia, kazi inasimamishwa. Faili la kawaida halikaribii kiwango hicho, kwa hiyo mtumiaji wa kawaida hata hajui kwamba kuna kitu kilibadilika.

Tuyarudie sasa maneno tunayoyasikia mitaani.

La kwanza ni la hela. Salio lako la pesa za simu halimo ndani ya simu, limo kwenye mitambo ya kampuni, na namba ya siri ndiyo inayolifungua. Simu iliyodukuliwa kwa kina inaweza kuiba namba hiyo unapoibonyeza, hilo linawezekana. Ila mashambulizi ya picha ya aina ya Pegasus ni ghali na hulengwa kwa watu maalumu, kama waandishi wa habari na wanaharakati. Anayetaka laki mbili za mama anayeuza sato Mwaloni hahitaji hayo yote. Anatuma ujumbe wa kawaida kwamba ile hela itume kwenye namba hii, au anapiga simu akijifanya mhudumu wa wateja. Kuogopa picha ya maua huku ukimtajia mtu namba yako ya siri kwenye simu ni kulinda mlango usio wenyewe.

La pili ni kwamba antivairasi inatosha. Antivairasi hutafuta mafaili mabaya inayoyajua. Haibadilishi hesabu mbovu iliyo ndani ya maktaba. Tena yenyewe, ili ikague faili, inabidi ilichanganue, na baadhi ya programu hizo zimewahi kukutwa na matundu kwenye sehemu hiyohiyo.

La tatu, kwamba sasisho linamaliza bando na kuifanya simu iwe nzito. Hili silipuuzi, kwa sababu bando ni hela na sasisho la mfumo mzima linaweza kuwa kubwa. Lakini sasisho la kivinjari au la programu ya ujumbe ni dogo kuliko video chache za kwenye grupu, na duka la programu linakuruhusu kupanga masasisho yasubiri hadi upate waifai kazini au chuoni. Kama bando ni la kubana sana, anza na kivinjari na programu za ujumbe, kwa sababu hizo ndizo zinazopokea mafaili kutoka kwa watu usiowajua. Mchezo wa mpira unaweza kusubiri.

La nne linanisikitisha kwa sababu limeenea sana: WhatsApp za GB na nyinginezo za aina hiyo. Watu wanazipenda kwa sababu zinaficha alama za bluu na kuruhusu kuona ujumbe uliofutwa. Hizo si za WhatsApp. Ni nakala zilizokarabatiwa na watu wengine, hazipo kwenye duka rasmi, na WhatsApp yenyewe ikitoa kiraka leo, kiraka hicho hakiji kwako. Unamsubiri mtu usiyemjua aamue kama atakichukua, na huna njia ya kujua ameongeza nini kingine. Jihadhari vilevile na viungo vinavyotumwa kwenye magrupu vikisema WhatsApp yako imepitwa na wakati, bonyeza hapa. Sasisho halali huja kupitia duka la programu au mipangilio ya simu.

La tano husemwa na wasomi zaidi: kwa kuwa msimbo huria unaonekana na kila mtu, basi ni hatari, bora programu za siri. Ni kweli mshambuliaji anausoma. Anausoma pia mtafiti wa Toronto na mhandisi wa kampuni nyingine. Maktaba iliyofungwa ina matundu yaleyale ya hesabu, tofauti ni kwamba watu wengine hawana namna ya kuyakagua wala kuthibitisha kwamba yamezibwa.

Tatizo halisi la maktaba huria liko kwa wanaozitunza. libwebp ina Google nyuma yake. Nyingi hazina mtu. Expat inatunzwa kwa miaka sasa na Sebastian Pipping, na kwenye maelezo ya matoleo yake ameandika waziwazi kwamba mradi hauna watu wa kutosha wala fedha, akiomba msaada. Maktaba nyingine ya XML, libxml2, inatumika ndani ya bidhaa za kampuni kubwa kuliko zote duniani. Juni 2025 mtunzaji wake wa wakati huo, Nick Wellnhofer, alitangaza kwamba hatazipa tena ripoti za matundu ya usalama utaratibu wa pekee wa usiri na tarehe za mwisho, atazishughulikia kama kasoro nyingine yoyote. Alikuwa akitumia saa nyingi kila wiki kwa ripoti hizo bila malipo. Naona alikuwa na haki. Mtu anayejitolea hawezi kuwa idara ya usalama ya kampuni zenye mabilioni, na kumlaumu yeye ni kumlaumu aliyebaki kazini wakati wengine wote wamekwenda.

Hilo linatugusa na sisi huku ziwani kwa njia ambayo haionekani upesi. Vijana wetu waliosoma Malimbe na vyuo vingine wanajenga mifumo ya SACCOS, ya ada za shule, ya zahanati, ya kufuatilia mizigo ya samaki. Kila mfumo wa aina hiyo umebeba maktaba nyingi za watu wengine ndani yake, na mteja akishalipa, mara nyingi hakuna anayerudi kuzigusa. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika, anayekusanya taarifa za watu ana wajibu wa kisheria kuzilinda, na chama cha akiba na mikopo chenye majina, namba za simu na madeni ya wanachama kimo humo.

Kwa hiyo bodi ya SACCOS inapoingia mkataba na mtengenezaji, imuulize mambo mawili na majibu yaandikwe ndani ya mkataba. Awape orodha ya maktaba zote zilizomo na matoleo yake. Na aseme nani atazisasisha kila mwezi baada ya mfumo kukabidhiwa, na atalipwa kiasi gani kwa kazi hiyo. Mtengenezaji mwenyewe akumbuke suala la nakala: kusasisha Expat ya seva hakumaanishi Expat iliyofungwa ndani ya Python nayo imebadilika. Python inaweza kumtajia toleo la Expat inalotumia kwa amri ya mstari mmoja. Akikuta toleo liko chini ya 2.4.0, mfumo huo bado unaweza kukabwa na lile faili lisilofika kilobaiti moja.